Nani Kaunganishwa na Nani: Jinsi Nyaya Zinavyozaa Machafuko Katika Mitandao ya Neva

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa hisabati, wa baiolojia na wa kompyuta, pamoja na wageni wote mliofika jioni hii: itifaki imezingatiwa.

Nimeona tangazo pale mlangoni limeandikwa kwa herufi kubwa "Machafuko Katika Mitandao", kwa hiyo nina hakika wamo humu ndani waliokuja wakitarajia tuzungumzie yale ya makundi ya WhatsApp. (Kicheko.) Wakae tu, wasiondoke. Viti vipo na hesabu haing'ati.

Machafuko ninayokusudia ni ya wanahisabati. Mfumo una kanuni zinazojulikana, hauna bahati nasibu hata chembe, na ukiuanzisha pale pale utapita njia ile ile. Lakini ukiuanzisha mahali palipotofautiana na pale kwa unywele, njia mbili zinaachana, na umbali kati yake unakua kwa kuzidishwa, wala si kwa kujumlishwa. Edward Lorenz alikutana na jambo hili mwaka 1961 pale MIT, alipoiingizia kompyuta yake ya hali ya hewa namba 0.506 badala ya 0.506127. Hadithi hiyo mmeisikia mpaka mmeichoka, siirudii. Kuna kitu kidogo ndani yake ambacho husahaulika: milinganyo aliyoichapisha mwaka 1963 ilikuwa mitatu tu, na hakuna hata mmoja ambao ukiutenga peke yake unatisha. Ukali wake umetokana na namna ilivyofungana. Wa kwanza unausikiliza wa pili, wa pili unausikiliza wa kwanza na wa tatu, na wa tatu unaisikiliza yote miwili.

Hoja yangu ni hiyo hiyo, ila naipeleka kwenye ubongo na kwenye mitandao ya kompyuta iliyoigwa kutoka kwenye ubongo. Mtandao ukianza kutapatapa, watu huikimbilia seli: labda ni mbovu, labda ina kelele. Mimi nasema tuanze na nyaya. Nani kaunganishwa na nani, kwa nguvu kiasi gani, na kwa alama ipi, chanya au hasi.

Naomba watu watatu wa safu ya mbele wasimame. Wewe dada, wewe kaka mwenye shati la kijani, na wewe mwalimu, samahani kwa kukusumbua. Dada ni wa kwanza, kaka ni wa pili, mwalimu ni wa tatu. Kila mmoja anamtazama mwenzake mmoja tu: wa pili anamtazama wa kwanza, wa tatu anamtazama wa pili, na wa kwanza anamtazama wa tatu. Amri ni moja kwa wote. Zamu yako ikifika, ukikuta mkono wa unayemtazama uko juu, wako uweke chini. Ukiukuta chini, wako inua. Tunaanza dada akiwa kainua mkono, wengine wameshusha.

Zamu ya dada: mwalimu kashusha, basi dada anabaki juu. Zamu ya kaka: dada yuko juu, basi kaka anabaki chini. Mwalimu anamwona kaka yuko chini, anainua. Turudi kwa dada: mwalimu sasa yuko juu, kwa hiyo dada anashusha. Kaka anainua. Mwalimu anashusha. Dada anainua tena. Tukiwaacha hapa mpaka alfajiri wataendelea hivi hivi, mikono ikipanda na kushuka, na hakuna atakayepata raha.

Sasa nabadilisha kitu kimoja. Dada, badala ya kumpinga mwalimu, mwige. Akiwa juu, nawe juu. Akiwa chini, nawe chini. Wengine endeleeni kama mwanzo. Tunaanzia pale pale: dada juu, wengine chini. Zamu ya dada: mwalimu yuko chini, dada anashusha. Kaka anaona dada yuko chini, anainua. Mwalimu anaona kaka yuko juu, anabaki chini. Dada anamwona mwalimu yuko chini, anabaki chini. Basi, kimeisha. Zungukeni mara mia, hakuna mkono utakaotikisika tena. Asanteni, kaeni. (Makofi.)

Mmeona? Watu ni wale wale, na mahali pa kuanzia ni pale pale. Nimegeuza alama ya waya mmoja tu. Kitanzi chenye idadi witiri ya upinzani hakina mahali pa kutulia. Chenye idadi shufwa kinapata. Na huu si mchezo wa ukumbini peke yake. Mwaka 2000 Michael Elowitz na Stanislas Leibler, pale Princeton, walikitengeneza kile kitanzi chetu cha kwanza kwa jeni halisi. Waliweka ndani ya bakteria E. koli jeni tatu, kila moja ikiizima inayofuata, wakaongeza protini ya kijani inayong'aa ili waone kinachoendelea. Bakteria wakawa wanawaka na kufifia, wanawaka na kufifia, kila duru ikichukua saa kadhaa, polepole kuliko mwendo wao wa kugawanyika. Katika toleo lile lile la jarida la Nature, Timothy Gardner, Charles Cantor na James Collins wa Boston wakaonyesha jeni mbili zinazozimana: hizo zilitulia upande mmoja au mwingine, kama swichi, na zikabaki huko hadi zilipogeuzwa.

Lakini msinielewe vibaya. Kitanzi kimoja kinachozunguka si machafuko bado. Ni ngoma yenye hatua zinazojulikana. Ukiiona duru moja umeziona zote. Machafuko yanahitaji vitanzi vingi vinavyoingiliana, kila kimoja kikivuta kwa mwendo wake. Na hapo swali linakuwa: vingi kiasi gani?

Wa kwanza kulishika swali hili kwa mikono miwili alikuwa Stuart Kauffman, mtu aliyesomea udaktari wa binadamu kabla ya kuhamia huku kwetu. Mwaka 1969 aliandika kuhusu mitandao ya jeni ambamo kila jeni ina hali mbili tu, imewaka au imezimwa. Kila jeni inasikiliza jeni nyingine K zilizochaguliwa kwa nasibu, na inafuata kanuni iliyoandikwa kwa nasibu vilevile. Akaona kwamba K ikiwa 1, mtandao unalala. K ikiwa kubwa, unazurura bila kurudi mahali pa maana. Katikati kuna mpaka, na mpaka wenyewe ni 2.

Kwa nini 2? Hii naomba niikalie kidogo, maana inaeleweka bila chaki. Chukua nakala mbili za mtandao, zinazofanana kila kitu isipokuwa jeni moja, ambayo huku imewaka na kule imezimwa. Jeni hiyo, kwa wastani, inasikilizwa na jeni K. Kila msikilizaji anafungua jedwali lake la kanuni. Katika nakala moja anasoma mstari huu, katika nakala nyingine anasoma mstari mwingine. Jedwali limejazwa kwa kurusha sarafu, kwa hiyo nafasi ya mistari miwili kutoa majibu tofauti ni nusu. Basi tofauti moja ya leo inazaa tofauti K gawanya kwa 2 kesho. K ikiwa chini ya 2, tofauti inafifia mpaka inakufa. Ikizidi 2, tuseme ni 3, tofauti moja inazaa moja na nusu, nazo zinazaa zaidi, mpaka nakala mbili zinasahau kwamba ziliwahi kuwa ndugu. Wafaransa Bernard Derrida na Yves Pomeau ndio walioiweka hoja hii katika sura safi mwaka 1986. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba wakiielewa aya hii moja, mengine yote ya jioni ya leo ni maelezo ya pembeni.

Tuje kwenye neva. Mwaka 1988 Haim Sompolinsky, Andrea Crisanti na Hans-Jürgen Sommers walichapisha makala fupi, kurasa chache tu, ambayo bado inanukuliwa hadi leo. Mtandao wao ndio huu mnaouona kwenye skrini. Kuna seli 1,000. Kila seli ikiachwa peke yake inashuka taratibu hadi sifuri. Haina ubishi wowote. Kila seli inapokea mchango wa nyingine zote, mchango wenyewe ukipitia kwanza kwenye mkunjo unaouzuia usizidi moja wala usishuke chini ya hasi moja. Nguvu za nyaya, zote milioni moja, tumeziokota kwa nasibu, nyingine chanya, nyingine hasi, wastani wake sifuri. Kisha tunazizidisha zote kwa namba moja, tuiite g, na kuzigawa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya seli.

Kipeuo cha pili cha nini? Namwona kijana kule nyuma amekunja uso, na ana haki. Ukijumlisha namba 1,000 za nasibu, chanya na hasi, hupati 1,000. Zinalana zenyewe kwa zenyewe, na kinachobaki ni kiasi cha kipeuo cha pili cha 1,000, yaani karibu 32. Kwa hiyo ukigawa kwa 32, jumla anayoipokea kila mmoja inabaki ya ukubwa unaoshikika, mtandao uwe na seli mia au milioni. Na ninyi mnaosoma ujifunzaji wa mashine, ule mstari wa msimbo mnaounakili bila kuusoma, unaopanga uzito wa kuanzia kulingana na idadi ya seli za safu, ndio huu huu. Xavier Glorot na Yoshua Bengio waliuandikia makala mwaka 2010. Mnapoona mafunzo ya mtandao wenu wa mrejesho yanalipuka au yanazimika, mara nyingi mnakuwa mmeuvuka mpaka ninaotaka kuwaonyesha sasa, upande mmoja au mwingine.

Hapa nimeweka g iwe 0.8. Hizi ni seli kumi na mbili kati ya zile elfu moja, kila moja na mstari wake. Zimeanza zikiwa zimetawanyika, zimetikisika kidogo, sasa zote zinaelekea sifuri, na zimefika. Mtandao umekufa. Nabadilisha namba moja tu, g sasa ni 1.5. Mistari haifi. Inapanda, inashuka, inasita, inarudi, na hakuna umbo linalojirudia hata nikiiacha iende muda wote wa hotuba. Na kumbukeni, baada ya kuokota nyaya mwanzoni, hakuna tena nasibu ndani ya programu hii.

Sasa naweka nakala ya pili kwa rangi nyekundu, juu ya ile ya bluu. Kila kitu sawa, isipokuwa seli moja nimeiongezea kiasi katika nafasi ya tisa baada ya nukta. Mnaona rangi moja tu, kwa sababu mistari imelaliana kabisa. Tusubiri. Bado. Pale, kwenye mstari wa nne kutoka juu, nyekundu imeanza kuchungulia pembeni ya bluu. Sasa na wa saba. Sasa zote. Kuanzia hapa nakala mbili zinakwenda kila moja na hamsini zake.

Waandishi wale watatu walithibitisha kwamba kwa mtandao mkubwa mno mpaka uko kwenye g sawa na 1 barabara. Kwa mtandao mdogo mpaka hauko wazi hivyo. Karibu na 1 unaweza kukutana na mizunguko ya kawaida kabla ya machafuko kamili, kwa hiyo mkijaribu kwa seli hamsini msinipigie simu kulalamika.

Niingize kitu kidogo cha wanaikolojia, maana nawaona wako hapa. Miaka 16 kabla ya makala hiyo, mwaka 1972, Robert May, mwanafizikia wa Australia aliyegeukia ikolojia, alipiga hesabu ya aina hii kwa viumbe wanaolana na kushindana. Alikuwa akitafuta uthabiti, hakuwa akitafuta machafuko, lakini kizingiti alichokipata ni ndugu wa huyu g: ukizidisha idadi ya viumbe, au wingi wa miunganiko, au nguvu zake, kuna mahali ambapo mfumo uliounganishwa kwa nasibu haukai tena. Watu wengi waliisoma kama hukumu kwamba mbuga zenye viumbe wengi haziwezi kudumu. Serengeti ipo, twende tukaione. Kinachofuata kutoka kwenye hesabu ya May ni kwamba viumbe wa Serengeti hawakuunganishwa kwa kurusha sarafu.

Na hiyo ndiyo sehemu inayonivutia zaidi, kwa sababu hata ubongo haukuunganishwa kwa kurusha sarafu. Tumeona nguvu na wingi. Sasa tuangalie umbo.

Umbo la kwanza nalipita haraka. Mtandao usio na kitanzi hata kimoja, ambamo habari inaingia safu ya kwanza na kutokea ya mwisho bila kurudi nyuma, hauwezi kujiendeshea machafuko yake. Hauna pa kuyazungushia. Ukiacha kuupa kitu, unanyamaza.

La pili ni ulinganifu. Mwaka 1982 John Hopfield alichora mtandao ambamo kila jozi ya seli imeunganishwa pande zote mbili kwa nguvu ile ile: kiasi unachonisukuma ndicho ninachokusukuma. Katika mtandao wa namna hiyo unaweza kuandika namba moja, ambayo Hopfield aliiita nishati, na kila seli inapobadilika kwa zamu yake namba hiyo inashuka au inabaki ilipo. Haipandi kamwe. Kitu kinachoshuka tu hakiwezi kuzunguka na kurudi kilipokuwa, wala hakiwezi kuzurura milele; lazima kifike chini kitulie. Zile sehemu za chini ndizo kumbukumbu. Unaupa mtandao picha iliyochafuliwa nusu, nao unateremka hadi kwenye picha kamili iliyo karibu. Kazi hiyo ilimpatia Hopfield Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2024, pamoja na Geoffrey Hinton.

Kwa nini basi mtandao wa 1988 unachafuka na wa 1982 unatulia? Kwa sababu katika ule wa 1988 nguvu ya waya wa kwenda haina uhusiano wowote na ya waya wa kurudi. Mimi nakusukuma, wewe unanivuta, na hakuna nishati ya kuandika. Sinapsi za kemikali ndani ya vichwa vyetu, yaani viungo ambavyo seli moja hupitishia ujumbe kwa nyingine, ni za njia moja, kwa hiyo ulinganifu kamili haupo. Lakini hata kutolingana kabisa hakupo. Mwaka 2005 Sen Song, Dmitri Chklovskii na wenzao walipima jozi za seli katika sehemu ya kuona ya ubongo wa panya, wakakuta jozi zilizounganishwa pande zote mbili ni nyingi mara nne hivi kuliko ambavyo nasibu ingetoa. Ubongo uko mahali fulani kati ya Hopfield na Sompolinsky. Na mahali hapo pana tabia yake: mwaka 2018 Daniel Martí, Nicolas Brunel na Srdjan Ostojic walionyesha kwa hesabu kwamba ukiongeza uhusiano kati ya waya wa kwenda na wa kurudi, mitikisiko ya mtandao inakuwa ya polepole zaidi. Bado ni machafuko, lakini machafuko yenye kumbukumbu ndefu kidogo.

Umbo la tatu ndilo lenye utamu. Katika gamba la ubongo, seli takriban nane katika kila kumi ni za kusisimua; zinazobaki ni za kuzuia. Kwa kawaida seli haichanganyi: ikiwa ni ya kusisimua, inasisimua wote inaowafikia. Sasa, seli moja inapokea nyaya maelfu. Kama maelfu hao wanatuma mipigo ya umeme kila mmoja kwa wakati wake, jumla yao inapaswa kuwa karibu tulivu, na seli inapaswa kupiga kwa mpangilio kama saa ya ukutani. Lakini anayesikiliza seli ya mnyama aliye hai hasikii saa. Anasikia mipigo isiyo na mpangilio: miwili ya haraka, kimya, mmoja, kimya kirefu. William Softky na Christof Koch waliliweka fumbo hili mezani mwaka 1993, na wengi wakasema basi seli zenyewe hazitabiriki.

Hapo Zachary Mainen na Terrence Sejnowski wakafanya jaribio ambalo mimi nalipenda kuliko yote niliyoyataja. Mwaka 1995 walichukua seli za gamba la ubongo wa panya kwenye kipande kilichowekwa chomboni, wakaziingizia mkondo wa umeme unaobadilikabadilika, kisha wakarudia mkondo ule ule tena na tena. Seli zikapiga pale pale kila mara, kwa usahihi wa chini ya milisekunde moja. Seli haina kigugumizi. Ukiipa maneno yale yale inatoa jibu lile lile. Basi kutotabirika kwake ndani ya kichwa kunatoka kwa wale inaowasikiliza, na kutotabirika kwa hao kunatoka kwa wale wanaowasikiliza wao, na hapo tumerudi kwenye nyaya.

Jibu la nyaya lilikuja mwaka 1996 kwa Carl van Vreeswijk na Sompolinsky yule yule, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem. Fikirieni mchezo wa kuvuta kamba. Timu mbili zina nguvu nyingi mno, lakini zinakaribiana, kwa hiyo kitambaa cha katikati kinacheza huku na huko kwa tofauti ndogo tu kati yao. Wasisimuaji wanavuta huku, wazuiaji wanavuta kule. Jumla kubwa za pande zote mbili zinafutana, na seli inapiga au hainyanyuki kutokana na masalia. Masalia ndiyo yasiyo na mpangilio. Na mtandao unaoendeshwa na masalia ni wa machafuko makali, kwa sababu mpigo mmoja wa ziada unatosha kusogeza kitambaa.

Uzuri wa hesabu yao ni kwamba usawa huo hauhitaji fundi wa kuurekebisha. Wasisimuaji wakizidi, wanawasisimua pia wazuiaji, nao wanavuta zaidi mpaka hali inarudi. Mtandao unajisawazisha wenyewe, ilimradi nyaya za aina zote nne ziwepo kwa uwiano unaofaa: msisimuaji kwa msisimuaji, msisimuaji kwa mzuiaji, na kinyume chake, na mzuiaji kwa mzuiaji.

Je, kuna aliyeona hayo ndani ya kichwa cha mnyama? Mwaka 2010 Michael London, Peter Latham, Michael Häusser na wenzao wa London waliongeza mpigo mmoja katika seli moja ya panya, kwenye eneo linalopokea habari za masharubu, na wakakadiria kwamba mpigo huo mmoja unazaa mipigo 28 ya ziada katika seli zinazoisikiliza. Kumbukeni hoja ya Kauffman: zaidi ya moja inatosha, na hapa tumepewa 28. Mimi nalichukulia hili kama ushahidi mzito wa wepesi wa kutikisika. Kulitangaza kuwa uthibitisho kamili wa machafuko ya kihisabati ni haraka mno, kwa sababu ubongo halisi una kelele za kikemia na una milango iliyo wazi kwa dunia.

Milango hiyo ina maana. Mwaka huo huo Mark Churchland na kundi kubwa la wenzake walikusanya vipimo kutoka maeneo mengi ya gamba la ubongo, wakaonyesha kwamba mnyama anapoonyeshwa kitu, kutofautiana kwa majibu ya seli kutoka jaribio hadi jaribio kunapungua. Na Kanaka Rajan, Larry Abbott na Sompolinsky wakaonyesha kwa milinganyo kwamba kichocheo cha kutosha kutoka nje kinaweza kuyazima machafuko ya ndani kabisa. Mtandao unazurura ukiwa peke yake, na ukisemeshwa unasikiliza.

Abbott huyo huyo, pamoja na David Sussillo, mwaka 2009 alifanya kitu ambacho wahandisi wanapaswa kukijua. Walichukua mtandao wenye machafuko, wakauwekea waya wa kutolea jibu na waya wa kulirudisha jibu hilo ndani, kisha wakaurekebisha ule wa kutolea haraka haraka kila linapotokea kosa dogo. Mtandao ukajifunza kutoa mawimbi waliyoyataka, hata mienendo ya mwili wa binadamu anayetembea. Na ulijifunza vizuri zaidi ulipoanza ukiwa na machafuko kuliko ulipoanza ukiwa umelala. Nafikiri sababu haina muujiza. Mtandao uliolala hauna malighafi, ule unaozurura una kila aina ya mistari ya kuchanganya.

Hapo ndipo wengine huruka na kutangaza kwamba ubongo unaishi kwenye "ukingo wa machafuko", na kwamba huko ndiko akili ilipo. Maneno hayo yanavutia kwenye majalada ya magazeti. Mimi nayaogopa. Ukingo upo kwenye milinganyo, ndiyo, lakini mtandao wa kuhifadhi kumbukumbu unataka kuwa mbali nao upande mmoja, na wa kuzalisha mienendo ulitaka kuwa upande wa pili. Hakuna namba moja ya g inayofaa kwa kila kazi.

Nimalizie na jambo ambalo mara nyingi naulizwa na ndugu na jamaa: je, kifafa ni machafuko ya ubongo? Karibu kila anayeuliza anategemea ndiyo. Lakini katika mshtuko wa kifafa, seli nyingi zinaishia kupiga pamoja, kwa mafungu, zikiwa zimelingana kupita kiasi. Chukua kipande cha ubongo wa panya, zuia njia ya wazuiaji kwa dawa kama bikukulini, na mipigo ya pamoja ya namna hiyo inajitokeza. Kamba imeachiwa upande mmoja. Ndiyo maana fenobabito, ambayo wengi wenu mmeiona kwenye zahanati, na diazepamu, zinafanya kazi upande wa wazuiaji: zinaipa nguvu kemikali wanayoitumia. Kutopangika kwa mipigo ya kila siku, kule kulikomsumbua Softky na Koch, ni hali ya afya.

Kuhusu michoro mipya ya nyaya, nitasema kidogo tu. Ya mnyoo mdogo mwenye seli za neva 302 tunayo tangu 1986. Ya nzi wa matunda aliyekomaa, seli 139,255 na sinapsi takriban milioni 50, ilichapishwa Oktoba 2024. Ni kazi kubwa isiyo na mfano. Lakini mchoro unajibu swali la nani kaunganishwa na nani. Alama za nyaya za nzi, chanya au hasi, zimekisiwa kwa kompyuta kutokana na picha za sinapsi, na nguvu yake halisi inahesabiwa kwa kudhani kwamba sinapsi nyingi ni nguvu nyingi. Mmeona wenyewe kwa yule dada hapa mbele alama moja inafanya nini.

Programu niliyoionyesha nimemwachia katibu wa chama chenu. Ni mistari ishirini na kitu ya Python. Wenye hamu waanze kwa kuchukua nyaya zile za nasibu, wazichanganye na sehemu ndogo ya zile zile zilizopinduliwa ili ya kwenda ianze kufanana na ya kurudi, waongeze sehemu hiyo taratibu huku g ikibaki 1.5, waangalie mistari inavyopunguza mwendo. Halafu wagawe seli nane kwa mbili, wasisimuaji na wazuiaji, wawadhoofishe wazuiaji kidogo kidogo, na wachore jumla ya seli zote badala ya seli moja moja.

Mwenyekiti, nakushukuru, niko tayari kwa maswali. Yule kijana wa nyuma amenyoosha kidole tangu nilipomtaja Hopfield, naomba aanze yeye.